Houdry: Mfaransa aliyeupa udongo kazi ya kupasua mafuta

MAFUTA ghafi ambayo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, limekusudiwa kuyafikisha Chongoleani, Tanga, hayafai kutiwa katika gari jinsi yalivyo. Sharti kwanza molekuli zake kubwa zipasuliwe kiwandani. Aliyeonyesha namna bora ya kuzipasua ni Eugène Houdry.

Alizaliwa Domont, karibu na Paris, mwaka 1892, mtoto wa tajiri mwenye kiwanda cha chuma. Alisomea uhandisi wa mitambo, akapigana katika kikosi cha vifaru na kujeruhiwa mwaka 1917. Baada ya vita alivutiwa na mashindano ya magari, akatambua kuwa injini nzuri haina faida ikiwa petroli ni duni.

Mwaka 1927, baada ya majaribio mengi, alipata kichocheo alichokitafuta: silika na alumina, jamii ya udongo wa mfinyanzi. Punje zake zina vitundu visivyohesabika, na ndani yake mna sehemu zenye asidi ambako molekuli hupasuka. Lakini masizi yalizifunika sehemu hizo upesi, kichocheo kikazimika. Houdry aliyachoma masizi hayo kwa hewa, na joto lililopatikana akalitumia kuendeleza kazi.

Alihamia Marekani mwaka 1930. Mwaka 1937 mtambo mkubwa wa njia yake ulianza kazi Marcus Hook, Pennsylvania, na wakati wa Vita Kuu ya Pili njia hiyo iliyapatia majeshi ya Washirika petroli bora ya ndege. Serikali ya Vichy ilimvua uraia wa Ufaransa kwa kumuunga mkono Jenerali de Gaulle.

Uzeeni alihangaikia moshi wa magari mijini. Mwaka 1956 alipata hataza ya kichocheo cha kuusafisha, lakini risasi iliyotiwa katika petroli ilikiharibu. Alifariki Julai 1962 kabla kizuizi hicho hakijaondolewa.

Katika miaka hiyo ya 1960 warithi wake walileta zeolaiti, zenye vitundu vyembamba vinavyokaribia upana wa molekuli yenyewe. Hapo ilidhihirika kwamba asidi haitendi peke yake: kuta zinazoizunguka huamua molekuli ipi iingie, ikae vipi na itoke ikiwa nini.

Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara ilipoanza 2006, miaka zaidi ya 43 baada ya kifo chake.