Jan Oort

Jan Hendrik Oort (Franeker, 28 Aprili 1900 – Leiden, 5 Novemba 1992) alikuwa mwanaastronomia kutoka nchini Uholanzi. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwamba galaksi yetu ya Njia Nyeupe inazunguka, na kwamba Jua pamoja na sayari zake linazunguka kitovu kilicho mbali sana nalo. Jina lake limebaki pia katika Wingu la Oort, ambalo ni akiba ya nyotamkia kwenye ukingo wa mfumo wa Jua.

Maisha ya awali

Alikuwa mtoto wa daktari. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi familia ilihamia Oegstgeest karibu na Leiden, ambako baba yake alifanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili. Mwaka 1917 aliingia Chuo Kikuu cha Groningen akiwa bado hajaamua kati ya fizikia na astronomia. Mihadhara ya profesa Jacobus Kapteyn ndiyo iliyomvuta upande wa nyota.

Kapteyn alikuwa bingwa wa kuhesabu nyota. Kutokana na hesabu zake alichora picha ya galaksi ambamo Jua lilikaa karibu na katikati. Huko Marekani Harlow Shapley alikuwa amefikia jibu tofauti kabisa: mwaka 1918 alionyesha kwamba mafungu makubwa ya nyota yenye umbo la tufe yamekusanyika kuzunguka sehemu iliyo mbali, upande wa kundinyota la Mshale. Kama kitovu kiko huko, basi sisi tunakaa pembeni. Kapteyn alifariki mwaka 1922 kabla swali hilo halijapata jibu. Oort alikaa miaka miwili Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kisha mwaka 1924 akarudi kufanya kazi katika paoneaanga pa Leiden. Mwaka 1926 alipata shahada ya uzamivu kwa tasnifu kuhusu nyota zenye mwendo wa kasi.

Mzunguko wa galaksi

Msweden Bertil Lindblad alikuwa amependekeza kwamba galaksi inazunguka. Mwaka 1927 Oort alitafuta ushahidi, na njia yake inaeleweka bila hesabu ngumu. Tuwafikirie wanariadha wanaokimbia kwenye uwanja wa duara. Anayekimbia njia ya ndani hutupita, na anayekimbia njia ya nje huachwa nyuma. Mtu aliye katikati yao, hata asipoona uwanja wote, anaweza kutambua kitovu kiko upande gani kwa kuangalia nani anampita na nani anabaki. Oort alifanya hivyo kwa nyota zilizo jirani na Jua, na mwendo wao ulionyesha kitovu upande uleule aliousema Shapley. Makadirio yake ya umbali yalikuwa takriban miaka nuru 20,000. Leo tunasema 26,000 hadi 27,000.

Hivyo mwanafunzi wa Kapteyn ndiye aliyesaidia kuiondoa picha ya mwalimu wake. Kosa halikuwa la uzembe: vumbi kati ya nyota huzuia nuru ya nyota za mbali, na wakati ule kiasi chake hakikujulikana.

Kwa vipimo vya sasa Jua huenda kwa kasi ya kilomita 230 hivi kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua zaidi ya miaka milioni 200. Wanafunzi huuliza mara nyingi kama shimo jeusi lililoko kwenye kitovu litatumeza. Jibu ni hapana. Lina masi ya Jua takriban mara milioni 4, lakini hiyo ni sehemu ndogo mno ya masi iliyoko ndani ya njia ya Jua. Kinachotushika ni mvutano wa nyota, gesi na maada nyingine yote kwa pamoja.

Vita na redio

Ujerumani iliivamia Uholanzi Mei 1940, na walimu Wayahudi wakafukuzwa vyuoni. Mwaka 1942 Oort alijiuzulu pamoja na maprofesa wengine wengi wa Leiden, akaenda na familia yake kuishi kijijini Hulshorst. Hata hivyo hakuacha utafiti. Alitambua kwamba mawimbi ya redio hupenya vumbi linalozuia nuru, akamwomba mwanafunzi Hendrik van de Hulst atafute wimbi ambalo gesi ingeweza kulitoa. Mwaka 1944 van de Hulst alitabiri wimbi la haidrojeni lenye urefu wa sentimita 21.

Baada ya vita Oort aliongoza paoneaanga pa Leiden hadi mwaka 1970. Huko Kootwijk alitumia antena ya rada iliyoachwa na Wajerumani. Moto uliharibu kipokezi chao, na mwaka 1951 Wamarekani Ewen na Purcell waliwatangulia kwa wiki chache kulipata wimbi hilo. Lakini Waholanzi hawakuishia hapo, bali walichora mikono ya galaksi na kufuatilia gesi hadi karibu na kitovu chake.

Nyotamkia

Mwaka 1950 Oort alichunguza njia za nyotamkia 19 zinazotoka mbali sana. Nyotamkia huchakaa kila zinapokaribia Jua, na nyingine hutupwa nje na mvutano wa Mshtarii. Kwa umri wa mfumo wa Jua zingekuwa zimekwisha, kama hapangekuwa na akiba. Ernst Öpik aliwahi kutoa wazo la namna hiyo mwaka 1932, ila Oort ndiye aliyelipa hoja yenye nguvu. Wingu lenyewe bado halijaonekana moja kwa moja.

Oort alidhani nyota zinazopita karibu ndizo zinazozisukuma nyotamkia kuelekea kwetu. Katika miaka ya 1980 wataalamu walionyesha kwamba mvutano wa galaksi yenyewe, hasa wa kisahani chake, hufanya kazi hiyo kwa uthabiti zaidi. Ni aina ya nguvu ileile ambayo kwa upande wa Mwezi husababisha maji kujaa na kupwa baharini. Sayari zimekaa karibu mno na Jua kuhisi jambo hilo.

Miaka ya mwisho

Alikuwa rais wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia miaka 1958–1961, na mmoja wa waanzilishi wa shirika la Ulaya linalotazama anga la kusini kutoka Chile. Aliendelea na utafiti baada ya kustaafu, na mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Kyoto. Asteroidi 1691 Oort imepewa jina lake.