Piri Reis: Nahodha Aliyechora Ramani ya Dunia, Akauawa kwa Amri ya Sultani

Kwa Waturuki wa zama zile neno reis, ambalo asili yake ni Kiarabu na ndilo lililotupa sisi neno rais, lilikuwa na maana ya nahodha. Muhyiddin Piri, mwana wa Haji Mehmed, alilipata jina hilo kwa kazi. Alikulia Gelibolu, mji wa bandari wa Dola ya Uthmaniya, na tangu ujanani alisafiri na ami yake, Kemal Reis, baharia aliyeogopwa katika Bahari ya Mediterania nzima. Kemal Reis ndiye aliyetumwa na Sultani Bayezid wa Pili kuwasaidia Waislamu wa Andalusia. Aliwabeba wakimbizi kutoka pwani za Hispania, Waislamu na Mayahudi pia.

Ami yake alipofia baharini, Piri alirudi Gelibolu akashika kalamu. Mwaka 919 Hijria, yaani 1513, alikamilisha ramani ya dunia juu ya ngozi. Aliikusanya kutoka ramani zipatazo ishirini: za Waarabu, za Wareno, za kale, na mojawapo ya Christopher Columbus mwenyewe, ambayo leo haipo tena. Mwaka 1517 alimkabidhi Sultani Selim ramani hiyo mjini Cairo. Kisha akaandika Kitab-ı Bahriye, akakitengeneza upya mwaka 1526 na kumpelekea Sultani Suleiman. Ni kitabu cha mtu wa kazi: kinamweleza nahodha wapi pa kutia nanga, wapi pana mwamba, na kisima cha maji matamu kiko upande gani wa bandari.

Laiti angeachiwa kalamu yake! Akiwa mzee alipewa ukuu wa kikosi cha majini cha Suez, kilicholinda Bahari ya Sham, njia ya Makka na Madina, dhidi ya Wareno. Hawa ndio wale wale walioipora Kilwa na kuiteketeza Mombasa mwaka 1505. Piri aliirudisha Adeni mikononi mwa Dola. Mwaka 1552 aling'oa nanga Suez na merikebu takriban 30, akaiteka ngome ya Wareno ya Maskati, kisha akaizingira Hormuz, funguo ya Ghuba. Mji aliuingia, lakini ngome ilimshinda. Akaondoa mzingiro, watu wake wakapora kisiwa cha Qeshm, naye akaelekea Basra.

Hapo Basra ndipo lilipo jambo lililomponza. Aliposikia kwamba Wareno wanakuja kumfungia ndani ya Ghuba, aliacha sehemu kubwa ya kikosi na kuondoka na merikebu tatu tu pamoja na mali. Moja iliharibika njiani. Gavana wa Basra alimshitaki kwa wakubwa. Piri alipofika Misri alikamatwa, na kwa amri ya Sultani akauawa Cairo, mali yake ikachukuliwa na serikali.

Kuliacha jeshi lako bandarini na kuondoka na ngawira si jambo dogo, na porojo la Qeshm halina utetezi. Hata hivyo, kuhusu hatari ya Ghuba hakukosea. Murad Reis alipojaribu kuzitoa merikebu zile Basra, Wareno walimrudisha. Mwaka 1554 alitumwa Seydi Ali Reis. Naye alipigana nao, akachukuliwa na dhoruba hadi Gujarat, akarudi nyumbani kwa nchi kavu baada ya safari ya miaka. Merikebu hazikuonekana Suez tena. Seydi Ali yeye hakuuawa; Sultani alimpokea na kumpa cheo.

Ramani ya mwaka 1513 ilionekana tena mwaka 1929 katika jumba la Topkapı mjini Istanbul, kipande chake tu. Kinaonyesha Atlantiki, magharibi ya Afrika na pwani za Amerika. Upande wa Bahari ya Hindi umepotea.