Victor Gruen: Aliyebuni Jumba la Maduka Kisha Akalikana

Wako watu wengi leo waingiao katika majumba makubwa ya maduka, wakapanda ngazi za umeme, wakanunua watakacho na kutoka, wala wasijue jina la mtu aliyelichora la kwanza la namna ile. Mtu huyo ni marehemu Victor Gruen. Nimekusudia leo kukusimulieni maisha yake, kwani ndani yake mna funzo kubwa kwetu sisi watu wa pwani, tuliolelewa katika miji ambayo duka, nyumba na msikiti vimeegemeana ukuta kwa ukuta.

Gruen alizaliwa mjini Vienna, Austria, tarehe 18 Julai 1903, katika ukoo wa Kiyahudi. Jina lake la asili lilikuwa Viktor Grünbaum. Baba yake, aliyekuwa wakili, alifariki yeye akiwa angali kijana, ikambidi aanze kazi mapema. Mchana alikuwa akichora ramani za majumba, na usiku akicheza michezo ya kuigiza ya kuwakejeli wakubwa. Mwaka 1933 alifungua afisi yake mwenyewe, na kazi alizozipata zaidi zilikuwa za kutengeneza upya maduka madogo madogo.

Ikumbukwe kwamba Vienna aliyokulia ilikuwa mji wa kwenda kwa miguu. Chini duka, juu watu wanakaa, na pembeni mkahawa ambapo mtu aliweza kuketi na kikombe kimoja cha kahawa tangu asubuhi hata adhuhuri. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale wa Mombasa angaliufahamu mji ule bila ya kuelezwa.

Mwezi wa Machi 1938 Wanazi waliiteka Austria, na maisha ya Mayahudi yakawa hatarini. Gruen alikimbia na mkewe hadi New York, na inasimuliwa kwamba alifika akiwa na dola nane tu mfukoni. Alilifupisha jina lake, akaanza tena kwa kile alichokijua, yaani kuchora maduka. Kazi yake katika barabara ya Fifth Avenue ilimpatia sifa upesi, na mwaka 1941 alihamia Los Angeles.

Huko ndiko alikoona jambo lililomshangaza. Miji ya Marekani ilikuwa imekwisha kugawanywa kwa sheria. New York ilipitisha kanuni zake za kutenga maeneo mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua, katika kesi ya kijiji cha Euclid, kwamba serikali ya mji ina haki ya kusema hapa pawe nyumba tu, pale pawe biashara, na kule pawe viwanda. Nia ilikuwa njema, kwani nani apendaye kiwanda cha moshi mbele ya mlango wake? Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mitaa mipya ya nje ya miji ilijaa nyumba bila ya duka hata moja. Mama aliyetaka mkate alilazimika kuwasha gari. Maduka nayo yalijipanga kando ya barabara kuu, maili baada ya maili, bila ya mahali pa watu kukutana.

Gruen alifikiri amepata dawa. Alisema moyoni mwake kwamba ikiwa watu hawa hawana mji, basi na wajengewe kiini cha mji. Magari yaachwe nje, watu watembee ndani kwa miguu, na pamoja na maduka pawepo daktari, posta, maktaba, mahali pa watoto kucheza na mahali pa wazee kuketi. Mwaka 1954 kituo chake cha Northland kilifunguliwa karibu na Detroit. Tarehe 8 Oktoba 1956 kikafunguliwa kile kilichobadilisha dunia, Southdale, katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota. Kiligharimu dola milioni 20, kikiwa na maduka 72 na nafasi za magari 5,200. Kwa kuwa nchi ile ina baridi kali, alikifunika chote kwa paa, hewa ya ndani ikatengenezwa kwa mitambo, na katikati akaweka uwanja wenye miti na ndege.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha hadithi yetu. Southdale katika ramani ya Gruen ilikuwa sehemu tu ya mji mzima. Kwenye eneo la zaidi ya ekari 450 alikuwa amechora nyumba za kupanga, shule, mahali pa matibabu, bustani na ziwa. Lakini jumba la maduka lilipofunguliwa, ardhi iliyolizunguka ilipanda bei ghafula. Wenyewe wakaona faida, wakaiuza kipande kipande. Mji haukujengwa. Kilichobaki ni jumba katikati ya bahari ya magari.

Na wengine wakaiga lile jumba bila ya kuuiga mji. Mwaka 1954 sheria ya kodi ya Marekani ilikuwa imewapa waliojenga majumba mapya ya biashara nafuu kubwa, hata mtu akaweza kujenga jumba la maduka ili apunguziwe kodi. Kiwanja cha shamba nje ya mji kilikuwa rahisi, na halmashauri ndogo ndogo zilikuwa tayari kukiandika kuwa eneo la biashara ili zipate ushuru. Majumba yakaota kama uyoga, na maduka ya katikati ya miji yakafunga milango.

Gruen alijaribu kuyatibu maradhi hayo. Mwaka 1956 aliuchorea mji wa Fort Worth mpango wa kuyazuia magari nje ya katikati ya mji, lakini haukutekelezwa. Mwaka 1959 mji wa Kalamazoo ulifunga barabara yake ya maduka kwa magari kwa ushauri wake, na mwaka 1964 Fresno ukafanya vivyo hivyo. Hata Tehran, pamoja na msanifu wa Kiajemi Abdolaziz Farmanfarmaian, alishiriki kuichorea ramani kuu iliyokubaliwa mwaka 1968, iliyotaka mji ule ukue kuelekea magharibi kwa miji mikubwa yenye viini vyake.

Mwaka 1968 alirudi Vienna, na kule akakutana na kivuli chake. Mwaka 1976 jumba kubwa la maduka lilifunguliwa kusini mwa mji, nje kidogo ya mpaka, mahali ambapo amri ya halmashauri ya Vienna haikufika. Wenye maduka madogo ya mjini, watu wa aina ile aliyoanza kazi kwa ajili yao, wakapata mshindani asiyeshindika. Ufaransa ilikuwa imekwisha kushtuka, na mwaka 1973 ikatunga sheria kwamba duka kubwa lisifunguliwe mpaka kamati ya mahali itoe idhini. Mwaka 1978, mjini London, Gruen aliyakana hadharani majumba yale, kama baba amkanaye mwana asiye wake. Alifariki tarehe 14 Februari 1980.

Wako wamlaumuo, na mimi siwezi kusema hana lawama. Alilipwa ujira wake, na mwaka 1960 alishiriki kuandika kitabu cha kuwafundisha wengine namna ya kupanga vituo vya maduka. Lakini kosa lake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba aliutegemea wema wa wenye mali mahali palipohitaji kanuni. Mchoro haumfungi mtu. Kinachomfunga ni sharti lililoandikwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Northland ilifungwa mwaka 2015. Southdale ingali imesimama, na zaidi ya miaka 50 baada ya kufunguliwa, nyumba za kupanga zimejengwa mahali palipokuwa pa kuegesha magari. Aliyoyataka yamekuja, lakini yamechelewa.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila ya kulisoma. Walijenga maduka karibu na misikiti na kuyafanya wakfu, kodi yake ikatengeneza msikiti, na mwenye duka akawa jirani ya mteja wake. Siku hizi sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya mipango ya ardhi yamtaka atakaye kibali cha kujenga, au cha kubadili matumizi ya kiwanja, autangazie umma, na mwananchi ana haki ya kupinga kwa maandishi. Tangazo lile hubandikwa, nasi twalipita. Jumba likishasimama ndipo twauliza muuza duka wa mtaani amekwenda wapi. Tahadhari kabla ya athari.