Simon Kimbangu: miezi mitano ya kuhubiri, miaka 30 ya gereza

Tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya umma katika Kongo nzima, Fizi na Baraka zikiwemo. Ni siku ya Simon Kimbangu, mhubiri aliyefanya kazi yake mbali sana na Ziwa Tanganyika, kwa miezi mitano tu.

Kimbangu alizaliwa Nkamba, jimbo la Kongo ya Kati ya leo, mwaka wa 1887. Mwaka wa 1915 alibatizwa na wamisionari Wabatisti kutoka Uingereza, akawa mwalimu wa dini. Alikwenda Kinshasa kufanya kazi, kisha akarudi kijijini.

Wafuasi wake wanasimulia kwamba tarehe 6 Aprili 1921 alimwekea mikono mwanamke mgonjwa, naye akapona. Habari ilienea upesi. Watu waliacha mashamba, viwanda na kazi ya reli, wakaelekea Nkamba. Kimbangu aliwaamuru watupe hirizi, waache ngoma na ndoa ya wake wengi. Kwa sikio la leo hakuna uasi hapo. Ila wakoloni waliona wafanyakazi wakitoroka kumfuata mtu mweusi, na hilo liliwatosha.

Mtawala wa eneo, Léon Morel, alijaribu kumkamata mwezi wa Juni. Kimbangu alitoroka, akajificha, na mwezi wa Septemba akajitoa mwenyewe. Mahakama ya kijeshi huko Thysville, Mbanza-Ngungu ya leo, ilimhukumu tarehe 3 Oktoba bila wakili: fimbo 120, kisha kifo. Mfalme Albert wa Kwanza alibadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na huko akafia gerezani tarehe 12 Oktoba 1951.

Wabelgiji waliwahamisha pia wafuasi wake kwa nguvu hadi majimbo ya mbali. Hesabu ilikuwa mbaya: kila walikopelekwa, walianzisha maombi ya siri.

Mke wake Marie Muilu alilea watoto na kuongoza waumini kwa kificho. Alifariki Aprili 1959. Serikali ya kikoloni ilitambua kanisa hilo tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, na mwaka wa 1960 mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba. Mwaka huo mtoto wao wa kwanza, Charles Kisolokele, aliingia katika serikali ya Lumumba kama waziri.