Kaburi la Nyali na Kazi ya Bwana Krapf

Msafiri atokaye Horohoro akishika njia ya kaskazini hufika Mombasa. Huko, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, liko kaburi la mama mmoja na mtoto wake mchanga. Kaburi hilo lilitangulia kila kanisa la mawe lililojengwa na misheni za Kiprotestanti katika pwani yetu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani, naye alilelewa katika Kanisa la Kilutheri. Alisoma Basel, kisha chama cha misheni cha Waingereza kikampeleka Ethiopia mwaka wa 1837. Mlango ulipofungwa huko, akageukia pwani, akafika Unguja mwanzo wa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha, naye akaenda kukaa Mombasa.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa iliwashika wote wawili. Rosina alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu. Akafa tarehe 13, na mtoto akamfuata upesi. Krapf, naye akiwa mgonjwa, akawaandikia wakuu wake London kwamba kaburi hilo lisihesabiwe kuwa kushindwa, bali liwe ishara ya kazi iliyokwisha kuanza, nao walete watu zaidi.

Wala hakungoja kufarijiwa ndipo afanye kazi. Akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa, alitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann aliwasili, wakajenga makao yao Rabai. Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili, akikiandika kwa herufi za Kirumi, ambazo ndizo tunazozisoma hata leo.

Mwaka 1848 alishika safari ya kusini kwa miguu, akaivuka nchi iliyo kati ya Mombasa na milima ya Usambara, hata akafika Vuga mbele ya Mfalme Kimweri. Mfalme akampokea vema. Krapf alitamani sana walimu wakae huko, lakini hawakupatikana.

Matunda aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa machache mno. Mtu wa kwanza kubatizwa Rabai alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa mgonjwa sana, naye akafa muda mfupi baadaye. Mwaka 1853 afya ya Krapf ilivunjika, akarudi kwao. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa huko Korntal, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata, asiione.

Miaka tisa baada ya kifo chake, misheni ya Kilutheri ilifika Tanga, na mwaka 1891 ikaanza kazi Mlalo katika Usambara, miaka 43 tangu Krapf aliposimama mbele ya Kimweri.

Basi mwalimu wa dini aliye na wanafunzi watatu tu chini ya mwembe asiihesabu kazi yake kwa idadi yao. Krapf alipanda, akaenda zake, na waliovuna hakuwajua.