Joseph Galloway: Spika aliyefutwa kwenye kumbukumbu

KILA tarehe 4 Julai Wamarekani wanapoadhimisha uhuru wao, majina yanayosifiwa ni ya kina Washington, Jefferson na Franklin. La Joseph Galloway likitajwa, mara nyingi hutajwa kama la msaliti. Je, bwana huyu alikuwa msaliti kweli?

Galloway alizaliwa Maryland kiasi cha mwaka 1731, akawa wakili mashuhuri mjini Philadelphia. Mwaka 1753 alimuoa Grace Growden, binti wa tajiri mkubwa wa Pennsylvania. Katika siasa alikuwa bega kwa bega na Benjamin Franklin, na kuanzia 1766 hadi 1774 alikuwa Spika wa Bunge la koloni hilo la Waingereza.

Ugomvi wa kodi ulipopamba moto, wajumbe wa makoloni 12 walikutana Philadelphia, Septemba 1774. Galloway alikuwemo. Hakukana kuwa watu wake walikuwa na madai ya haki, kwani walitungiwa sheria na Bunge la London wasilokuwa na mwakilishi ndani yake. Alichokataa ni kutengana. Akapendekeza makoloni yawe na Baraza lao la kuchaguliwa, chini ya rais aliyeteuliwa na Mfalme, na sheria za pamoja zipite kwa ridhaa ya Baraza na Bunge la London.

Pendekezo liliwekwa kando kwa tofauti ya kura moja tu, makoloni 6 dhidi ya 5. Kisha likafutwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kana kwamba halikupata kutolewa. Mwaka 1775 Galloway akalichapisha mwenyewe.

Angeishia hapo, pengine angesamehewa. Lakini mwishoni mwa 1776 alikimbilia kwa jeshi la Waingereza, na walipoiteka Philadelphia mwaka 1777 wakampa usimamizi wa polisi wa mji. Mtetezi wa suluhu akawa mtumishi wa jeshi lililoukalia mji wake.

Juni 1778 Waingereza wakafungasha virago. Galloway akaondoka nao pamoja na binti yake. Bi Grace akabaki kulinda urithi wake, lakini wakubwa wapya wakamtoa nyumbani kwa nguvu. Alifariki mwaka 1782 bila kumuona tena mume wala mwana. Mwaka 1793 Galloway aliomba kurudi, akakataliwa. Akafia Watford, Uingereza, mwaka 1803.

Ndugu msomaji, mshindi ndiye anayeshika kalamu. Sisi ambao wazee wetu wengi waliopigania uhuru wa nchi hii hawamo katika vitabu vya shule tunalijua hilo. Qur'an inatuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Basi tumhukumu Galloway kwa yote mawili: ushauri wake uliofutwa bila haki, na kosa lake la kuegemea bunduki za mgeni. Mgeni huondoka, na wanaolipa gharama ni wale waliobaki nyumbani.