Jean de Heinzelin na mistari 168 ya mfupa wa Ishango

Wakaaji wa Beni na Butembo wanajua Ishango: ni pale mto Semuliki unapotoka Ziwa Edouard, ndani ya Parke ya Virunga, wilayani Beni, si mbali na wavuvi wa Kyavinyonge. Huko ng'ambo jina hilo linajulikana zaidi juu ya mfupa mmoja mdogo. Mtu aliyeuchimbua ni Mbelgiji Jean de Heinzelin de Braucourt.

Alizaliwa mwaka 1920, akasomea mawe na udongo. Mwaka 1950, wakati wa ukoloni, alifika Ishango kuchimba. Alikuta mifupa ya watu na mikuki ya mifupa yenye meno, ya kuvulia samaki. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na mfupa wa karibu sentimita 10, wenye kijiwe kikali kwenye ncha, na mistari iliyokatwa katika safu tatu.

Mwingine angesema ni mapambo tu. Yeye alihesabu. Safu moja ina 11, 13, 17 na 19. Hizo ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Chukua maharagi 13, jaribu kuyapanga mafungu yaliyo sawa: itashindikana, labda uyaweke moja moja. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9, yaani 10 na 20 ukiongeza moja ao ukitosha moja. Ya tatu inaanza 3 na 6, 4 na 8, kisha 10 na 5, sawa mtu anayezidisha na kugawa kwa mbili. Inaishia 5 na 7. Safu mbili za kwanza, kila moja inafika 60. Ya tatu 48. Jumla ni 168.

Mwaka 1962 aliandika kwamba pengine watu wa Ishango walikuwa wakicheza na hesabu. Mabishano yakaanza. Mmarekani Alexander Marshack aliona humo kalenda ya mwezi. Wengine wakasema mistari ilisaidia mkono usiteleze. Namba 168 nayo inaweza kudanganya: kuanzia 1 mpaka 1000 kuna namba tasa 168 kamili, na juma moja lina saa 168. Lakini hayo yamekutana tu. Pale ziwani hapakuwa na saa.

De Heinzelin alifundisha chuo kikuu cha Ghent, akachimba hata Ethiopia, akafariki mwaka 1998. Umri wa mfupa aliukadiria mdogo kuliko ulivyo: watafiti waliorudi Ishango baadaye waliona ni karibu miaka 20,000.

Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye makumbusho ya sayansi ya viumbe. Mtoto wa Kyavinyonge akitaka kuuona anahitaji pasipoti na viza. Namba zake, mwalimu anaweza kuziandika ubaoni kesho asubuhi.